Kete 64: Tumkumbuke Mzee Wetu wa Bao

Hotuba hii ilitolewa na mwekahazina wa kikundi kimoja mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Bura. Tumeichapa kama ilivyosemwa, isipokuwa jina la marehemu, ambalo jamaa zake wameomba lisitiwe gazetini.

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, vijana, na wageni wetu mliotoka Hola na Garsen, hamjambo? Asanteni. Kaeni, kaeni. Jua ni kali, na wengine mmetembea tangu alfajiri.

Kwa kawaida mkiniona nimesimama hapa nasoma hesabu: tulianza na kiasi gani, tumetoa kiasi gani, nani bado ana deni. Leo mwenyekiti ameniambia niweke daftari chini, nimseme mtu. Nimseme Mzee wetu, yule aliyecheza bao chini ya mwarobaini pale karibu na kisiagi, miaka zaidi ya thelathini. Nyote mnamjua. Hata aliyekuja kusaga mahindi mara moja tu alimjua, maana sauti yake ilishinda ya mashine.

Lakini nawaambia mapema, hesabu hamtaikwepa. Huwezi kumsema Mzee bila kuhesabu.

ALIVYOKUJA BURA

Mzee alizaliwa chini ya mto, upande wa Garsen, katika ukoo wa wakulima. Bao alijifunza akiwa kijana, kwa wazee waliokuwa wakishuka mpaka Kipini kuuza ndizi na mchele. Huko watu wa pwani walicheza bao la Kiswahili, lile la mistari minne. Alisema mwaka mzima alikuwa anatazama tu. Wakati huo mtoto haruhusiwi kuweka mkono. Unakaa nyuma ya bega la mkubwa, unatazama, unanyamaza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mradi wa umwagiliaji wa Bura ukaanza kupokea wakulima. Wazee mliokuwapo mnakumbuka. Watu walitoka kila pembe ya Kenya: Wapokomo na Wamalakote wa hapa hapa mtoni, Wakamba, Wakikuyu, Wajaluo, Waluhya, Wataita, Wagiriama. Wakapewa nyumba na mashamba ya pamba na mahindi, katikati ya malisho ya Waorma. Maji yalivutwa kwa pampu kutoka Tana pale Nanigi, yakaingia mferejini. Jirani yako hujui lugha yake, hujui chakula chake, hujui hata akikasirika atafanya nini.

Mzee alikuja mwaka wa pili. Jioni ya kwanza, alisema, alisikia mlio anaoujua: mawe yanaangukia shimoni, ta, ta, ta. Akaufuata. Akakuta wanaume wawili wamechimba mashimo ardhini, mistari miwili tu, wanacheza. Hao walitoka milimani, na mchezo wao wanauita giuthi. Mbele kidogo, wengine waliotoka ziwani, nao mistari miwili, wanauita ajua. Mzee akacheka, akawaambia, "Nyinyi mnacheza nusu ya bao!" Nao wakamjibu, "Na wewe umeongeza mistari kwa sababu hujui kumaliza!"

Basi urafiki wao ulianza na ubishi huo. Wakakubaliana: leo tunacheza kwako, kesho kwangu, kesho kutwa kwa yule. Mzee akajifunza giuthi na ajua, wao wakajifunza bao la mistari minne. Ilichukua miezi. Lakini kumbukeni, huo ndio wakati ambao majirani wengine hata salamu zilikuwa hazijaanza.

BAO LA MATHENGE

Sasa kuhusu ubao wake. Vijana mmeuona, uko hapa mezani. Uinueni. Mzito, sivyo? Huo ni mti wa mathenge.

Mathenge tunaulaani kila siku, na tuna haki. Ulipandwa hapa Bura mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1980, ili wakulima wapate kuni na miti ya asili isimalizwe. Ukakubali kupita kiasi. Umeziba mifereji, umefunga njia za mifugo, miiba yake inatoboa gurudumu la baiskeli, na mbuzi akila maganda yake matamu kila siku meno yanaoza. Lakini mbao yake ni ngumu na haiharibiki upesi. Mzee aliona shina nene limekatwa mferejini, akaomba apewe. Akalichonga kwa tezo na patasi, jioni baada ya jioni. Mke wake akasema, "Shamba lina magugu, wewe unachonga." Ni kweli, lilikuwa na magugu. Mama huyo, ambaye yuko nasi leo, alizoea kusema kwamba yeye ni mke wa kwanza na bao ni mke wa pili, na wa pili ndiye anayependwa. Mama, usinikane!

Kete zenyewe ni komwe, zile mbegu za kijivu ngumu za kichaka cha ufuoni. Alizipata Kipini ujanani mwake, akaja nazo. Zimeshikwa mpaka zinang'aa kama jicho la samaki.

KWA WASIOJUA BAO

Naona wasichana hapa wanashangaa. Nitaeleza kwa ufupi, maana asiyejua mchezo hatajua mchezaji.

Ubao una mashimo 32, mistari minne ya mashimo manane. Mistari miwili ni yako, miwili ni ya mwenzako. Kete zote ni 64, kila mtu 32. Mchezo unapoanza, unaweka kete sita katika shimo la mraba linaloitwa nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya kulia kwake. Hizo ni kumi. Zile 22 zilizobaki unazishika kama akiba, na kila zamu unaingiza moja. Hatua hiyo inaitwa kunamua. Akiba ikiisha, unacheza na zilizo ubaoni tu, na hapo ndipo panapoitwa mtaji.

Ukiweka kete katika shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la mwenzako linalotazamana nalo lina kete, umemla. Unazichukua zake, unazipanda upande wako moja moja, ukianzia pembeni, kwenye kichwa. Ya mwisho ikiangukia tena mahali pa kula, unakula tena. Ikiangukia shimo tupu, umelala. Zamu ni ya mwenzako. Ambaye mstari wake wa mbele umebaki mtupu, au hana tena cha kucheza, ameshindwa.

Sasa sikilizeni jambo lililowashangaza wale rafiki zake wa milimani. Katika giuthi na ajua, kete ulizokula unazitoa, unaziweka kando, ni zako. Katika bao la Kiswahili hakuna kinachotoka. Ulichokula kwa mwenzako unakipanda tena, na zamu ijayo anaweza kukila tena. Bwana mmoja alimwuliza Mzee, "Sasa faida yako iko wapi, kama huwezi kuiweka mfukoni?" Mzee akamjibu, "Faida yangu ni kwamba kesho tutacheza tena."

Mchezo ulianza na 64. Mchezo utaisha na 64. Shikeni hapo.

SI MCHEZO WA KUPOTEZA WAKATI

Wengine mnasema bao ni la wazee wavivu. Nilisema hivyo pia kwa Mzee mwenyewe, akanionyesha mlango. Kwa hiyo nimetafuta nipate kuwaambieni.

Kule Hyrax Hill, karibu na Nakuru, kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Mary Leakey alichimba mahali pale mwaka 1937 na 1938, na mashimo hayo yapo mpaka leo, unaweza kwenda kuyaona. Watu waliokuwa na mifugo ya kuchunga na mashamba ya kulinda walipata muda wa kuchonga mwamba ili wacheze.

Mwaka 1995 mtafiti Mholanzi, Alexander de Voogt, aliandika tasnifu nzima katika Chuo Kikuu cha Leiden kuhusu mabingwa wa bao wa Zanzibar. Alitaka kujua akili ya binadamu inafika wapi. Zamu moja tu ya bao inaweza kuzunguka ubao mara kadhaa, kete zikila na kupandwa, kila shimo likibadilika. Bingwa anaiona njia hiyo kabla hajagusa kete. Msomi alitoka Ulaya akaja kukaa kwenye jamvi na wazee ili ajifunze. Sisi jamvi liko mlangoni, tunapita.

Na mwaka 2020 shirika la UNESCO liliandika michezo ya namna hii ya Kazakhstan, Kirgizia na Uturuki katika orodha ya urithi wa binadamu. Wenzetu wameandika wa kwao. Wa kwetu, sisi tumeuandika wapi?

ALIVYOCHEZA

Mzee hakuwa mtu mpole mchezoni. Tusimfanye malaika kwa sababu amekufa. Alikuwa na mdomo! Akikubana alikuuliza kama umeaga nyumbani. Akila nyumba yako alikuambia ukatafute pa kulala. Watu wazima walikasirika, wakaondoka wakiapa hawarudi. Kesho saa kumi, wa kwanza kufika ni wao.

Lakini alikuwa na kanuni tatu, na hizo hakuzivunja kwa mtu yeyote.

Ya kwanza: hakucheza kwa pesa. Vijana walimtega mara nyingi. Alisema pesa ikikaa kando ya ubao, macho yanaacha kete yanatazama pesa.

Ya pili: mkono ukigusa, umecheza. Hakuna kuchungulia shimo kwa vidole, ukahesabu, ukarudisha. Hesabu kwa macho na kichwa kwanza, ndipo uweke mkono. Akiwa na shaka alikaa kimya muda mrefu, mpaka watazamaji wanalia, "Mzee, mtama umeiva!" Hakujali.

Ya tatu ndiyo niliyotaka kuisema leo. Kabla ya mchezo anahesabu kete kwa sauti, mbele ya wote, mpaka 64. Mchezo ukiisha anahesabu tena. Zikifika 64, kila mtu anakwenda zake. Zisipofika, hakuna anayeondoka.

Jioni moja zilikuwa 63. Giza limeingia, watu wana njaa, mmoja akasema, "Mzee, kete moja tu, tutaweka jiwe." Mzee akakataa. Taa ikaletwa. Watu wakakung'uta mikeka, wakapekua viatu. Mwishowe ikapatikana katika pindo la suruali ya mtazamaji, imejidondokea humo, wala hakujua. Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Akamwambia yule kijana, "Sikukuita mwizi. Lakini tungeondoka na 63, kesho kila mmoja angemtazama mwenzake, na wewe ungetazamwa bure."

Nimeyasikia maneno mengi kuhusu uaminifu. Sijasikia lililonikaa kama hilo. Alihesabu ili kumlinda asiye na hatia.

MAJI YALIPOKATIKA

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mnajua yaliyotufika. Pampu zilisimama mara kwa mara, maji hayakufika, pamba ikakauka, mahindi yakakauka. Wengi walifunga mizigo wakarudi walikotoka. Vijiji vikabaki nusu.

Mzee alibaki. Na kwa kuwa hakukuwa na kazi shambani, jamvi la bao likajaa. Hapo, jamani, ndipo kikundi chetu kilipozaliwa. Hakikuzaliwa ofisini. Watu wamekaa wanatazama mchezo, mmoja anasema mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa karo, mwingine anasema ana mbuzi lakini hapati mnunuzi. Jioni moja mtu akasema, kila mmoja wetu alete shilingi tano kila Ijumaa, tumpe mmoja, Ijumaa ijayo mwingine. Merigoraundi, kama tunavyoiita siku hizi. Na walipoulizana nani atashika pesa, hakuna aliyetaja mtu mwenye cheti wala mwenye duka. Wote walimtazama Mzee.

Alishika sanduku hilo miaka mingi. Hakujua kuandika vizuri. Alichofanya ni kile alichofanya na kete: kuhesabu kwa sauti, mbele ya wote, mwanzo na mwisho. Siku moja pesa zilipungua shilingi mia mbili. Tayari macho yalianza kumwelekea mama mmoja aliyekuwa ameshika ufunguo wiki hiyo. Mzee akasema, hakuna kuondoka. Tukahesabu tena, tukakumbushana kila aliyepewa. Ikaonekana zilitolewa nauli ya mgonjwa kwenda hospitali usiku, na katika haraka ile hakuna aliyeandika. Mama yule alilia. Yuko katika kikundi mpaka leo. Wangapi tumewapoteza katika vikundi vingine kwa sababu watu walikwenda nyumbani na 63?

MWAKA 2012

Jambo hili nalisema kwa uangalifu, maana kuna waliofiwa hapa.

Mwaka 2012, kuanzia Agosti, wakulima na wafugaji kule delta waliuana. Riketa, Kilelengwani, Kipao. Majina hayo hatuyasemi bila kushusha sauti. Riketa peke yake walikufa zaidi ya watu 50 katika siku moja, na kwa jumla zaidi ya 100 mpaka mwaka ulipoisha. Huku juu Bura hatukufikiwa kama wao, lakini hofu ilifika. Maziwa hayakuja. Akina mama waliogopa kwenda kuni. Watu walilala wamevaa viatu.

Mzee alikuwa na rafiki Mwuorma, mfugaji, ambaye walicheza naye tangu miaka ya pampu. Ushindi wao waliuandika kwa mkaa kwenye ukuta wa kisiagi, mistari kwa mistari, na mwenye kisiagi alikuwa amekatazwa kupaka chokaa. Wiki zile yule bwana hakuonekana. Mzee alikaa jamvini peke yake, akacheza pande zote mbili.

Halafu siku moja akaja mtoto wa yule bwana, na ujumbe mmoja tu: "Baba anauliza kama ukuta bado unasoma alivyouacha. Anasema wewe unamdai michezo mitatu, asije akasikia ni minne."

Mzee akamjibu mtoto, "Mwambie ni mitatu. Na kama anabisha aje ahesabu mwenyewe."

Alikuja siku ya tatu yake, asubuhi, kweupe, watu wote wakiona. Walikaa. Mzee akahesabu kete, 64, kwa sauti. Wakacheza bila maneno, na Mzee bila maneno ni jambo la kutisha. Sisi tulisimama mbali tukitazama. Jua lilipopanda, mke wa yule bwana alikuja na kibuyu cha maziwa, akaketi kando ya kisiagi kama alivyokuwa akiketi zamani, akauza.

Sisemi bao lilizuia vita. Walioleta amani kule delta walifanya kazi ngumu kuliko ya jamvini, na wengine bado wanaifanya. Nasema tu niliyoyaona: katika wiki ambazo kila mtu alikuwa anamhesabia mwenzake damu, watu wawili walikuwa na hesabu nyingine kati yao, na walikubaliana ni mitatu. Kutoka hapo salamu ikapata pa kupita.

MACHO NA VIDOLE

Uzeeni Mzee aliingiwa na mtoto wa jicho. Mwishowe hakuona ubao vizuri. Tukadhani atauacha. Hakuacha. Alimwambia mwenzake ataje shimo analochezea, naye akafuata kwa kichwa. Mara moja moja akapitisha vidole juu ya mashimo baada ya kuomba ruhusa. Kuomba ruhusa! Kwa sababu ya ile kanuni ya pili.

Ni wakati huo aliponifundisha. Wanawake hatukai jamvini, mnajua. Nilikuwa nampelekea uji, akaniuliza, "Shimo la tano lina ngapi?" Nikamwambia. "Na la mkabala?" Nikamwambia. "Sasa ungekuwa wewe ungefanya nini?" Kuna wazee walionung'unika. Akawaambia, "Huyu anahesabu hela zenu kila Ijumaa. Mnaogopa asihesabu kete?"

Kitu kimoja alinifundisha kuhusu nyumba. Nyumba ni shimo linaloweza kujaa kete nyingi kuliko yote. Ukifika kwako nyumbani una hiari: usimame hapo, au uivunje, zote zisafiri. Mwanafunzi huivunja mapema, kwa tamaa. Mwoga haivunji kabisa, mpaka mwenzake anakuja kuila yote kwa mkupuo. Mzee alisema, "Akiba ina siku yake. Ukiitoa kabla ya siku umekosa, na ukipita siku umekosa." Nimelikumbuka hilo kila tunapojadili kama tununue pampu mwaka huu au tungoje.

TUTAFANYA NINI

Mzee ametuacha. Rafiki yake Mwuorma ametangulia kabla yake. Wale wa giuthi na ajua waliobaki hapa Bura nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Vijana wana simu, na katika simu kuna michezo ya kubahatisha inayomaliza karo ya wadogo zao. Nikikaa kimya, baada ya miaka kumi ubao huu utakuwa kigoda cha kuku.

Kwa hiyo naleta maombi manne, na nataka tuyapigie kura kabla ya chakula.

Kwanza, kila kikundi kichonge ubao mmoja. Mathenge uko, hatununui. Mafundi seremala tunao.

Pili, wazee waliobaki wakae na vijana wanaoandika vizuri, sheria za bao, giuthi na ajua ziandikwe kwa Kiswahili, pamoja na maneno yake: namua, mtaji, kichwa, nyumba, kulala. Daftari likae kwa mwekahazina pamoja na la hesabu.

Tatu, wasichana wafundishwe sawa na wavulana. Mwalimu wa kwanza nitakuwa mimi, Jumamosi saa tisa, hapo hapo kwenye mwarobaini. Mchezo ni bila pesa.

Nne, na hili halina gharama yoyote. Kila mkutano wa kikundi ufunguliwe kwa kuhesabu sanduku kwa sauti, na ufungwe kwa kuhesabu sanduku kwa sauti, hata kama kuna katibu mwenye cheti, hata kama pesa ziko katika simu. Ziko katika simu? Zisomwe kwa sauti. Isipotimia, hakuna anayeondoka.

Mke wa Mzee amekubali ubao ubaki mikononi mwa vikundi. Ametoa sharti moja, kwamba asiusikie tena nyumbani kwake. Mama, tumekubali.

Komwe hizi nitazikabidhi kwa mwenyekiti sasa. Lakini kabla sijamkabidhi, njooni karibu, wadogo mbele, tuzihesabu pamoja. Moja, mbili, tatu...

(Zilihesabiwa. Zilikuwa 64.)

Asanteni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chenu, nani huona pesa zikihesabiwa? Nani haoni, na kwa nini?
2. Je, kuna mwanachama aliyeondoka kwa kushukiwa jambo ambalo halikuhesabiwa mpaka mwisho? Mnaweza kufanya nini sasa?
3. Akiba yenu mnaivunja mapema, mnachelewa, au mna siku mliyopanga?
4. Ni mchezo au ujuzi gani kijijini kwenu umebaki kwa wazee wachache? Nani ataketi nao wiki hii aandike?